Kapilari: Mishipa Midogo Inayoharibika Kimya Kimya

Ukimpeleka mtoto mgonjwa hospitalini, huenda umewahi kumwona muuguzi akifanya jambo moja kabla hata ya kuagiza vipimo. Anashika kidole gumba cha mtoto, anabonyeza ukucha hadi ugeuke mweupe, anauachilia, kisha anautazama huku akihesabu. Rangi ikirudi kabla ya sekunde mbili kwisha, anaendelea na maswali yake. Ikichukua zaidi ya sekunde tatu, na mikono ya mtoto ni baridi, mtoto huyo hatangoja foleni.

Kinachopimwa hapo ni kapilari, mishipa ya damu iliyo midogo kuliko yote mwilini. Damu ikipungua au moyo ukilemewa, mwili huinyima mikono na miguu ili ubongo na moyo vipate, na kapilari zilizo chini ya ukucha huwa miongoni mwa za kwanza kuonyesha upungufu huo. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala pesa, na kimeokoa watoto wengi.

Tumeamua kuandika kuhusu mishipa hii kwa sababu moja. Malaria, selimundu, kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa yanayowafikisha wakaazi wengi hospitalini, hapa Kitale na kwa majirani zetu wa Bungoma. Kila ugonjwa una jina lake na dawa yake, lakini sehemu kubwa ya madhara yao hutokea mahali pamoja, yaani ndani ya kapilari. Kuna yanayoziziba kwa muda wa saa chache, na kuna yanayozila kwa miaka bila mgonjwa kuhisi lolote.

Njia kuu haifiki jikoni

Fikiria lori lililobeba unga kutoka mbali, likipita barabara kuu kutoka Eldoret, Webuye, Bungoma hadi Malaba. Lori hilo halifiki jikoni mwako. Unga utashushwa kwa muuzaji wa jumla, uende dukani, ubebwe na bodaboda hadi kwenye njia ya shamba, na mwisho mtu aubebe kichwani apite kwenye kijia kinachomtosha yeye peke yake. Barabara kuu ikiwa nzuri namna gani, kijia hicho kikifungwa, mtalala njaa.

Mishipa ya damu imepangwa vivyo hivyo. Ateri kubwa hutoka moyoni, hugawanyika kuwa ndogo, na ndogo zaidi, hadi zinapokuwa kapilari. Oksijeni na chakula havishushwi kwenye ateri. Hushushwa kwenye kapilari, na hapo hapo uchafu wa mwili hupakiwa ili urudishwe kupitia vena.

Udogo wake si wa kawaida. Kapilari nyingi zina upana wa kati ya mikromita 5 na 10, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene takriban mara kumi kuliko hapo. Seli nyekundu ya damu nayo ina upana wa mikromita 7 hadi 8, kwa hivyo mara nyingi hulazimika kujikunja ndipo ipite, na nyuma yake zingine zinangoja, moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka mto kwa gogo. Ukuta wa kapilari ni seli moja tu kwa unene. Damu hupita hapo polepole, chini ya milimita moja kwa sekunde, na upole huo ndio unaoipa nafasi ya kutoa ilichobeba.

Kwa muda mrefu hata madaktari hawakujua kwamba mishipa hii ipo. Mwaka wa 1628, William Harvey wa Uingereza alieleza kwamba damu huzunguka mwilini na kurudi moyoni, lakini alifariki bila kuona inavyovuka kutoka ateri hadi vena. Marcello Malpighi, daktari Mwitaliano, ndiye aliyeziona kapilari mwaka wa 1661 alipochunguza mapafu ya chura kwa hadubini. Miaka mingi baadaye August Krogh wa Denmark alionyesha kwamba kapilari nyingi za misuli hufungwa mtu akipumzika, na hufunguka akifanya kazi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1920. Tangu hapo imebainika pia kwamba mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara huongeza idadi ya kapilari kwenye misuli yake. Anayetembea kwa miguu kwenda sokoni kila siku anajijengea vijia vipya, ingawa yeye huenda anaona anabana tu nauli.

Malaria na hatari ya kuteremka Bungoma

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 500 ni kubwa sana kwa mbu. Kule chini kuna joto zaidi na malaria huambukiza mwaka mzima. Huku juu baridi huipunguza, na ugonjwa huja kwa vipindi, hasa baada ya mvua. Watu wengi husikia hivyo wakafurahi, lakini jambo hili lina upande wa pili. Aliyekulia sehemu isiyo na malaria nyingi hana kinga ya kutosha. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti au Desemba, na mtoto wa Kitale akaenda kwa nyanya yake Kimilili au Chwele, mbu mmoja anaweza kumwangusha vibaya kuliko binamu zake waliozaliwa huko.

Hapa ndipo kapilari zinapoingia. Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu, ambacho ndicho kinachosababisha malaria nyingi nchini, huingia ndani ya seli nyekundu na kuibadilisha. Seli hiyo huota vinundu vidogo kwenye ngozi yake, ikawa inanata. Badala ya kupita kwenye kapilari na kuendelea na safari, hung'ang'ania ukutani. Zikinata nyingi kwenye kapilari za ubongo, damu hushindwa kupita na mtoto hupata degedege au huzimia. Kwa mama mjamzito, seli hizo hujificha kwenye kondo la nyuma, na mtoto tumboni hukosa lishe, akazaliwa na uzani mdogo.

Kunata huko ndiko kunakoeleza jambo linalowachanganya wazazi wengi. Tone la damu linalotolewa kwenye ncha ya kidole ni damu ya kapilari za kidole, si za ubongo. Vimelea vikubwa vinaweza kuwa vimejificha kwenye viungo vya ndani huku vile vinavyoonekana kwenye kioo vikiwa vichache. Ndiyo maana muuguzi hatosheki na karatasi ya maabara. Anataka kujua kama mtoto ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama anapumua kwa kasi, kama viganja vimepauka. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliochunguza kwa miaka mingi watoto wenye malaria ya ubongo walibaini kwamba madhara hayo huonekana nyuma ya jicho, kwenye retina, kwa sababu kapilari za hapo hufanana na zile za ubongo na daktari anaweza kuzitazama moja kwa moja bila kupasua.

Wapo wanaoendelea kuhusisha degedege na mapepo au jicho la mtu, na hupoteza saa za thamani wakitafuta wa kulaumu. Saa hizo ndizo ambazo sindano ya artesuneti ingekuwa inafanya kazi. Degedege, kuzimia, kushindwa kunywa au kutapika kila kitu ni dalili za kukimbilia hospitali, iwe usiku au mchana.

Dalili za malaria huchukua wiki moja hadi mbili baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeumwa Bungoma anaweza kuugua akiwa amesharudi Kitale. Ukifika zahanati, sema umetoka wapi hata kama hujaulizwa. Ukisafiri, beba chandarua chenye dawa, na ukipewa dawa mseto, imalize dozi yote ya siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Kwa wenye jamaa Bungoma, kaunti hiyo ni miongoni mwa zile za magharibi na ukanda wa ziwa ambazo hutoa chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2019. Hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Dozi ya mwisho ndiyo wazazi wengi husahau.

Seli zenye umbo la mundu

Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, haiambukizwi. Mtoto huirithi kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Wazazi wakiwa kila mmoja amebeba chembe moja ya urithi wa ugonjwa huu, wao wenyewe huwa wazima, lakini kila ujauzito una uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kuleta mtoto mgonjwa.

Seli nyekundu ya kawaida ni laini, ndiyo maana huweza kujikunja. Ya mgonjwa wa selimundu, oksijeni ikipungua, hukakamaa na kupinda kama mundu wa kukatia nyasi za ng'ombe. Hebu fikiria mundu ukijaribu kupita kwenye kijia tulichokitaja. Hukwama, na zinazofuata hukwama nyuma yake. Sehemu iliyokosa damu huanza kuuma, na maumivu hayo waliowahi kuyapata husema hayafanani na mengine. Zikiziba mishipa ya ubongo, hata mtoto mdogo anaweza kupata kiharusi. Mara nyingi dalili ya kwanza huja mtoto akiwa bado hajafikisha mwaka mmoja. Vidole vya mikono na miguu huvimba na kuuma, naye hulia akiguswa. Mzazi akiona hivyo, aombe mtoto apimwe selimundu, asikubali kuambiwa ni meno.

Kwa nini ugonjwa huu uko kwetu? Jibu lilipatikana kwa utafiti uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu mwaka wa 1949 kutoka jamii mbalimbali za nchi hii. Aligundua kwamba waliobeba chembe ya selimundu walikuwa wengi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha maelezo yake: anayebeba chembe moja tu hulindwa kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana chembe hiyo ilienea palipo na mbu wengi. Anayepata mbili ndiye anayeugua. Kwa hivyo familia yenye mtoto wa selimundu haijalaaniwa na mtu. Imerithi silaha ya kale iliyowasaidia mababu, na mtoto mmoja ndiye anayelipa gharama. Kumlaumu mama peke yake, jambo ambalo bado hutokea katika boma nyingi, ni dhuluma isiyo na msingi wowote.

Baridi, kiu na maambukizi huwasha maumivu haya. Kitale mwezi wa Julai si mahali pepesi kwa mgonjwa wa selimundu. Apewe sweta na soksi, na maji ya kunywa ya kutosha hata kama hali ya hewa haimpi kiu. Walimu, tafadhali mruhusuni kubeba chupa yake ya maji darasani na kwenda msalani anapoomba. Kuna dawa iitwayo haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, na watoto wa chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku kuwakinga na maambukizi. Wanaotunzwa mapema na kufuata kliniki hukua, husoma na kuoa au kuolewa.

Sukari na presha hazipigi hodi

Malaria na selimundu hupiga kelele. Kisukari na shinikizo la damu hufanya kazi kama mchwa.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, kuta za kapilari huharibika. Nyingine huwa nene na kubana, nyingine huvuja. Presha nayo huzigonga kila moyo unapopiga, na moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Vyote viwili vikiwa kwa mtu mmoja, na mara nyingi huwa pamoja, uharibifu huenda kwa kasi zaidi. Viungo vinavyoumia kwanza ni vile vinavyotegemea kapilari nyingi na nyembamba, yaani macho, figo, na neva za miguu.

Kwa macho, kapilari za retina huanza kuvuja damu kidogo kidogo. Mgonjwa anaweza kuwa bado anasoma ujumbe kwenye simu bila miwani huku retina ikiharibika. Akija kuona giza au madoa, huenda kiasi kikubwa kimeshapotea. Ikigunduliwa mapema, kuna matibabu ya leza na ya sindano yanayozuia upofu. Mwenye kisukari anapaswa kutazamwa nyuma ya jicho mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Kupimwa miwani dukani si kipimo hicho.

Figo ni kapilari karibu tupu. Kila moja ina vichujio takriban milioni 1, na kila kichujio ni fundo la kapilari. Kwa siku moja, figo mbili huchuja takriban lita 180, sawa na mitungi tisa ile ya lita 20, kisha hurudisha karibu yote kwenye damu na kuacha lita moja au mbili za mkojo. Kapilari hizo zikitoboka, protini huanza kupita kwenye mkojo. Mkojo wenye povu jingi lisiloisha unaweza kuwa ishara, lakini kipimo cha karatasi ya mkojo hugundua mapema zaidi kuliko macho yako. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo bila kuhisi chochote. Anayesubiri dalili huishia kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara ni kama saa nne. Ambaye amempeleka jamaa yake anajua nauli na siku za kazi zinazokwenda hapo.

Miguuni, kapilari zinazolisha neva hufa na mguu hupoteza hisia. Mkulima hukanyaga bua la mahindi, likamtoboa, naye akaendelea kupalilia. Au jiwe dogo huingia kwenye gambuti na kumkwaruza kutwa nzima. Kidonda hakipati damu ya kutosha, hakiponi, na safari ya kukatwa mguu huanza hivyo. Mwenye kisukari asitembee pekupeku shambani. Akung'ute gambuti kabla ya kuvaa, na jioni atazame nyayo zake, au amwombe mjukuu amtazamie.

Je, kudhibiti sukari kunasaidia kweli? Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kuanzia mwaka wa 1977, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 na matokeo yake kutolewa mwaka wa 1998, ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari kwa makini zaidi walipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25. Wagonjwa wa presha katika utafiti huo huo nao walipata nafuu ya macho na figo walipodhibiti presha yao. Dawa zilizotumika nyingi ni zile zile za kawaida zinazopatikana hospitalini kwetu.

Tatizo ni kwamba dawa ya presha haikufanyi ujisikie tofauti. Mtu hutumia mwezi mmoja, hupimwa, akaambiwa presha imeshuka, akaacha. Presha imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiona unahitaji kuiacha, zungumza na daktari kwanza.

Kwa mama mjamzito

Kila kliniki ya wajawazito hupima presha na mkojo, na kina mama wengine hulalamika kwamba inachosha. Kuna hali inayoweza kutokea baada ya wiki ya 20 ya ujauzito ambapo kuta za mishipa midogo huharibika mwili mzima, presha hupanda na protini huvuja kwenye mkojo. Uso na mikono huvimba, kichwa huuma bila kutulia, na mama huona vimulimuli. Isiposhughulikiwa huleta kifafa cha mimba, kinachoweza kumuua mama na mtoto. Kuvimba miguu kidogo jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi. Kuvimba uso si kawaida, na usingoje tarehe ya kliniki.

Pa kupimwa

Tangu Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilipozindua mikoba ya vifaa vya wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP wanaotembelea boma, mashine ya presha na ya sukari huweza kufika mlangoni mwako. Mpokee akija, hata kama hujioni mgonjwa. Presha ya 140/90 au zaidi, au sukari ya 7 au zaidi asubuhi kabla ya kula, inahitaji kurudiwa kituoni ili kuthibitishwa. Mwenye kisukari anayejulikana aulizie pia kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ambacho kwenye karatasi huandikwa HbA1c, na kipimo cha protini kwenye mkojo.

Aliye na miaka 40 na zaidi, aliye mnene, au ambaye mzazi wake ana kisukari au presha, apimwe angalau mara moja kwa mwaka. Walio wachanga na wazima wa afya nao wanakaribishwa. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kwa aliyesajiliwa na SHA, huduma za wagonjwa wa kutwa katika vituo vya daraja la 2 na la 3 hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi. Beba kitambulisho, na kama una dawa unazotumia, zibebe zote kwenye mfuko, hata zile ulizoacha.